Geti la Kinross na Mgongo wa Shujaa

Nyuso za mashujaa wa filamu huja Arrick, bonde la wafugaji kusini mwa dunia, kwa ndege, zikifuatana na mpishi wao na mtu wa kuzipaka poda. Migongo hupatikana papo hapo. Kwa miaka mingi mgongo uliotumika ulikuwa mmoja tu, nao ni wa Morag Tulloch, mfugaji wa kondoo, mjane wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye bega la kushoto lililoshuka kidogo kwa sababu upande huo ndio alioutumia kubebea wanakondoo tangu utotoni.

Kila filamu ya safari ya shujaa ina mahali ambapo kijana aliyeteuliwa na hatima huvuka milima peke yake, mdogo kama sisimizi, huku muziki ukipanda. Kijana mwenyewe saa hiyo yuko hotelini mjini, ameweka barafu kwenye goti. Anayevuka milima ni Morag, ndani ya joho na nywele za bandia, na helikopta juu yake inamzunguka kama nzi.

Watu wa filamu walimgundua wakati wakitafuta mahali pa kupigia picha. Alikuwa akipanda kilima na gunia la chumvi ya kondoo begani, akimtukana mbwa. Mwongozaji wa wakati huo alisimamisha gari akasema hajawahi kuona mtu anayetembea kama aliyebebeshwa uzito wa dunia nzima. Gunia lilikuwa la kilo ishirini na tano.

Tangu hapo Morag alibeba mengi. Alibeba yai la joka, lililokuwa la plastiki na lililonuka petroli. Alibeba mifupa ya mfalme. Alibeba nuru ya mwisho ya ulimwengu ndani ya chupa, akaiangusha kwenye kijito, wakampa nyingine. Alibeba binti mfalme aliyezimia, ambaye alikuwa sponji, na upepo ulipozidi nusura binti mfalme ambebe yeye. Kutokana na uzoefu huo alikuwa na maoni yake kuhusu safari za mashujaa, nayo hayakuwa marefu. Wote wanakwenda, alisema, lakini hakuna anayerudi kwa miguu. Picha ikishapatikana helikopta huondoka, na shujaa hubaki juu ya mlima na joho lake, anatafuta njia ya kushukia.

Watu wa Arrick walimtambua kwa mwendo hata akiwa mbali. Katikati ya simanzi kuu ya filamu, ukumbini pale kijijini, mtu angesema kwa sauti, "Hebu mwoneni Morag, anatafuta kondoo." Hilo halikumuudhi. Lililomuudhi ni jingine, nalo lilianza kabla filamu yoyote haijafika bondeni.

Miaka arobaini iliyopita, mwezi wa Februari, baba yake, Duncan Tulloch, alipita kwenye geti lililoko kati ya shamba lake na la jirani yake, Hector Kinross. Alikuwa anawahi nyumbani kusikiliza mechi ya kriketi redioni. Geti alilikuta limefungwa, akaliacha wazi. Mechi yenyewe ilivunjwa na mvua. Huku nyuma madume ya Duncan yakaingia kwa majike ya Kinross, miezi mitatu kabla ya wakati wake, na wanakondoo ambao wangezaliwa Oktoba kwenye majani mabichi wakazaliwa Julai, ambayo huko ni katikati ya baridi, kwenye theluji. Kinross, wakati huo kijana aliyeoa juzi, aliwabeba hadi jikoni akawapanga mbele ya jiko, na wengine ndani ya oveni, mlango ukiwa wazi. Waliopona waliweza kulala wote kwenye kikapu kimoja cha nguo.

Katika nchi hiyo mtu anaweza kulewa, kudanganya uzito wa samaki, hata kupigia kura chama kisichofaa, na bado akaalikwa chai. Geti ni jambo lingine. Ukilikuta wazi unaliacha wazi, ukilikuta limefungwa unalifunga, na hakuna mtu anayefundishwa hilo kwa sababu hakuna anayekumbuka kipindi alichokuwa hajui. Duncan aliomba radhi, akalipa, akafa baada ya miaka mingi, na siku ya mazishi yake mtu mmoja alirudi nyuma bila kuambiwa kuhakikisha kwamba geti la makaburini limefungwa. Hadi leo Morag akiingia dukani, yeyote aliyepo husema, "Mlango, Morag." Husemwa kwa tabasamu. Yeye naye hutabasamu, na mlango anakuwa ameshaufunga.

Kinross hakusema "Mlango, Morag." Kinross hakusema chochote. Barabarani madereva wa bonde lile husalimiana kwa kuinua kidole kimoja kwenye usukani; akipishana na gari la Tulloch, vidole vyote vya Kinross vilibaki mahali pake.

Ndipo ikaja filamu ya sita, na mwongozaji aliyeitwa Oberlin, mtu mpole wa kutoka Amerika aliyezungumza taratibu kama daktari mwenye habari mbaya. Oberlin alizunguka bonde zima siku nzima, na jioni akapenda kitu kimoja: geti la Kinross. Lilikuwa la mbao kuukuu, limeegemea upande, na nyuma yake bonde lote linafunguka hadi kwenye vilele. Kwenye hadithi yake liliitwa Lango la Mwisho. Shujaa, kijana Torvan, anabeba kibuyu chenye maji ya kwanza ya dunia. Anafukuzwa na Jeshi la Vumbi. Analifungua Lango, anapita, anapotelea milimani, na jeshi lote linamiminika nyuma yake.

Kinross alikubali kwa masharti. Geti wangeweza kulibandika kuvu na kulitundika mafuvu, lakini lisingeng'olewa kwenye bawaba zake. Kondoo wote, wake na wa Tulloch, wangehamishiwa ng'ambo ya mto hadi kazi iishe. Akaongeza kwamba yeye binafsi anaona sinema ni upuuzi na asingependa kuonekana karibu nayo.

Siku ya kupiga picha jua lilipenya mawinguni alasiri, kama Oberlin alivyoomba. Wapanda farasi kama sitini, wengi wao kutoka ng'ambo ya milima, walisimama nyuma ya kilima kidogo wakiwa na vinyago vya mpira vyenye pembe. Helikopta ikapanda. Ngaio Parata, msaidizi wa Oberlin, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu wanafanya walichoambiwa, hata walipokataa, akasema kwenye redio, "Haya, Morag. Kimbia."

Morag akakimbia. Alifika getini huku joho likipepea, akatoa mnyororo, akasukuma, akapita, akageuka, akavuta geti, akarudisha mnyororo kwenye kulabu yake, akautikisa kidogo, akaendelea kukimbia. Jeshi la Vumbi lilikuja kwa kishindo cha kutetemesha ardhi hadi mbele ya geti, likasimama. Wa mbele akainama kwa adabu juu ya tandiko akajaribu kutoa mnyororo. Walio nyuma wakamgonga.

"Kata," alisema Oberlin.

"Morag," ilisema redio ndani ya joho. "Umefunga geti."

"Ndiyo."

"Torvan halifungi, dada. Anakimbia."

"Basi kwao hawana mifugo."

Oberlin alishuka na helikopta, akatembea kwenye majani makavu hadi kwake, akavua miwani. "Bibi Tulloch," alisema, "nyuma yako kuna mauti."

"Nimeyasikia. Farasi wa yule wa mbele anachechemea mguu wa nyuma. Mwambieni aangalie ukwato."

"Mauti, Bibi Tulloch. Na mwisho wa vyote vilivyo hai. Mtu anayekimbia mwisho wa vyote vilivyo hai angesimama kufunga geti?"

Morag alifikiri kwa haki kabisa. "Angefunga haraka zaidi kuliko nilivyofunga mimi," alisema. "Halafu, bwana, jeshi likikufukuza, geti lililofungwa si linalichelewesha?"

Oberlin alitazama geti, akatazama jeshi lake, ambalo wakati huo lilikuwa linakula pai za nyama. Alieleza kwamba Jeshi la Vumbi halizuiliki na chochote kilichoumbwa. Hapo ndipo mmoja wa wapanda farasi akauliza kwa mbali kama kuna mtu ana kitambaa, maana mchuzi umemwingia ndani ya pembe.

Mara ya pili Morag aliahidi. Alikimbia, akafungua, akapita, akaliacha. Alikwenda hatua chache na wote waliokuwa kwenye helikopta wakashusha pumzi. Kisha mgongo ule maarufu ukakakamaa, ukasimama, ukageuka. Alirudi mbio zaidi kuliko alivyokwenda.

"Kata," alisema Oberlin, kwa upole wa kutisha.

Safari hii aliyekuja ni Ngaio, kwa miguu, na chupa ya chai. Naye alikuwa amelelewa shambani, katika kisiwa cha kaskazini cha nchi hiyo hiyo, kwa hiyo hakupaza sauti. Wakakaa juu ya jiwe.

"Dada Morag. Kondoo hakuna."

"Najua."

"Wako ng'ambo ya mto wote. Hata ukilichoma moto hilo geti, hakuna dume litakalopita."

"Najua, Ngaio. Mimi ndiye niliyewavusha."

"Basi shida iko wapi?"

Morag akamweleza. Alieleza kwa ufupi, kama mtu anavyoeleza ugonjwa wa ukoo: kriketi, madume, Julai, oveni. Alieleza na la dukani. "Baba yangu alipanda miti ile yote unayoiona kule," alisema. "Alimtoa mtoto wa Sinclair mtoni akiwa karibu kufa. Hakuna anayeyasema hayo. Wanasema Tulloch, halafu wanaangalia mlango. Mimi nimefunga kila kitu chenye bawaba tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Nikiliacha hili wazi, hili hili, basi ni kweli. Iko kwenye damu."

"Lakini nani ataona? Bondeni hapa wamezuiwa wote. Hawa wa farasi si watu wa huku."

"Si mnasema filamu itaonyeshwa dunia nzima?"

Ngaio alifungua tena chupa. Alikunywa chai. Baadaye alisema, bila kumtazama, kwamba kesho ni upepo na keshokutwa theluji, na kwamba Oberlin ameanza kuzungumza habari ya kuchora watembeaji kwa kompyuta, ambao hawana baba. "Na mimi ndiye niliyemwapia kwamba hakuna kama wewe. Tukishindwa leo nitarudishwa kupanga viti, lakini hilo si neno, viti pia ni kazi."

"Usinifanyie hivyo, mtoto wewe."

"Sijakufanyia kitu. Nakunywa chai."

Morag alimalizia chai yake, akatema majani ya chai pembeni, akavuta nywele za bandia zikae sawa.

Mara ya tatu mkono wa kulia aliufunga ndani ya joho, kwa mkanda. Alifungua geti kwa mkono wa kushoto, akapita, na kibuyu cha maji ya kwanza ya dunia kikamgonga mbavuni. Alisikia geti likiyumba nyuma yake. Alisikia mbao zikigonga nguzo, zikirudi, zikigonga tena. Hakugeuka. Alipanda kilima kama alivyoagizwa, na juu, ambapo helikopta ilimkaribia kuliko kawaida, machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni, jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba. Oberlin alisema taratibu kwamba hayo ndiyo maumivu ya Torvan. Hata hivyo hayakutumika, kwa kuwa uso haukuwa wa Torvan.

"Kata! Tumepata! Tumepata!"

Helikopta iliondoka. Ndipo Morag akageuka.

Jeshi la Vumbi lilikuwa limekwisha kupita na kutawanyika bondeni, nusu yake ikifuata harufu ya chai. Geti lilikuwa wazi hadi mwisho. Mpanda farasi mmoja tu alibaki nyuma, juu ya farasi mnene asiye na haraka. Alifika getini, akapita, akamsimamisha farasi. Akashuka kwa shida, mguu mmoja kwanza, kama mtu ambaye nyonga yake haimwamini tena. Akiwa na pembe zake na vazi lake la ngozi za kutisha, alilishika Lango la Mwisho, akalivuta mpaka kwenye nguzo, akalifunga, akarudisha mnyororo, akautikisa mara mbili. Kisha akakanyaga ubao wa uzio ili aweze kumpanda farasi tena, akaondoka kwa mwendo wa kwenda kanisani.

Morag aliposhuka hadi chini jioni ilikuwa inaingia, na wapanda farasi walikuwa wamepakia wanyama kwenye malori na kuondoka. Hakuuliza ni nani. Kuuliza kungekuwa kukiri.

Mwaka uliofuata filamu ililetwa ukumbini Arrick, Jumapili mchana baada ya ibada. Kulikuwa na pai, na mikate ya jibini iliyokunjwa, na viti vya mbao vilivyojaa hadi ukutani. Morag alifikiria kusema ana homa, akaona ingekuwa mbaya zaidi. Alikaa safu ya nyuma. Kinross, ambaye hakuwahi kuonekana katika sinema yoyote, alikaa upande wa pili, amevaa koti lake la mvua na kofia mapajani, anatazama kitambaa cheupe kama anatazama hali ya hewa.

Torvan alizaliwa, akafiwa, akapewa kibuyu. Alisafiri. Kila alipoonekana kwa nyuma mtu alisema, "Huyo," na mwingine, "Twende, Morag, twende."

Na hatimaye Lango la Mwisho.

Oberlin alikuwa amelipenda kuliko Morag alivyohofia. Torvan alifungua, akapita, akakimbia, na picha, badala ya kumfuata, ikabaki. Ikabaki na geti. Ilipunguza mwendo mpaka kila ubao ukaonekana ukifunguka kwa zamu yake, hadi geti likajaza kitambaa chote, kutoka ukuta hadi ukuta, wazi. Kwaya ya watu labda mia mbili ikaimba kwa lugha isiyokuwepo. Halafu ikaja bahari, na mambo mengine.

Ukumbini hakuna aliyetafuna.

"Eeh," alisema mtu mbele, kwa masikitiko ya kweli. "Damu ni damu."

Kicheko kilianza pembeni, cha chinichini, kile cha watu wanaojua hawapaswi. Mwingine akasema, "Mlango, Morag!" na hapo ukumbi mzima ukapasuka. Morag alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Alitabasamu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya, lakini tabasamu halikukaa, akaanza kutafuta mkoba wake miguuni.

"Lilifungwa."

Sauti haikuwa kubwa. Ilibidi watu wanyamazishane ili wajue imetoka wapi.

"Nini, Hector?"

"Geti. Lilifungwa."

"Mzee, si tumeona wote hapa! Liko wazi kama mlango wa kanisa."

"Mmeona mlichoonyeshwa," alisema Kinross. Hakugeuza kichwa, aliendelea kutazama bahari. "Alilifunga mara ya kwanza, wakamgombeza. Akalifunga mara ya pili, akiwa ameshapita, akarudi kwa ajili hiyo, wakamgombeza tena. Ya tatu walimfunga mkono."

Haikuwa hivyo hasa, mkono aliufunga mwenyewe, lakini Morag hakuona sababu ya kusahihisha.

"Na wewe umejuaje?"

"Nililifunga mimi baada yake. Nilikuwa wa mwisho."

Kwenye kitambaa Torvan alikuwa anazama, na hakuna aliyemjali.

"Hector Kinross," alisema mwanamke mmoja, Moira, polepole, "wewe ulikuwa Jeshi la Vumbi?"

"Walikuwa na upungufu wa farasi."

"Wewe? Na mapembe?"

"Kila mtu alikuwa na mapembe. Usiku nisingelala nikijua watu sitini wanapita kwenye geti langu bila mwenye akili hata mmoja nyuma yao. Sasa kaeni kimya, Moira, na wewe, na huyo aliyesema damu. Msichana wa Tulloch anajua geti ni nini. Hilo ndilo lililokuwa la kusemwa, nimelisema. Tutazame kama huyu kijana anafika."

Wakatazama. Msichana wa Tulloch, miaka hamsini na tisa sasa, aliuacha mkoba mahali ulipokuwa. Mtu aliyekaa mbele yake, yule yule wa damu, alipitisha sahani ya mikate ya jibini kwa nyuma bila kugeuka, akaishikilia hapo hadi Morag alipochukua mmoja.

Filamu ilipokwisha watu walitoka wakizungumza habari moja tu, nayo ilikuwa Hector Kinross na mapembe, habari ambayo ingewatosha bondeni pale kwa miaka kama kumi. Morag alimkuta kando ya gari lake, anatafuta funguo katika mifuko yote ya koti.

"Hector."

"Morag."

"Asante."

"Ya nini? Kondoo ni wangu."

"Kondoo walikuwa ng'ambo ya mto."

Alizipata funguo. Alizitazama kana kwamba ndizo zilizosema. "Najua walikuwa wapi," alisema. Akafungua mlango wa gari, akaingiza mguu mmoja, akasita. "Kijana yule. Alifika? Nilifumba macho kidogo pale kwenye bahari."

"Alifika. Alimwaga maji jangwani, kukaota majani."

"Majani ya namna gani?"

"Hawakuonyesha kwa karibu. Marefu. Ya kijani."

"Hapo wangeweka uzio mapema," alisema Kinross, "kabla hawajaleta mifugo," akawasha gari. Morag alisema ndivyo na yeye alivyofikiri, na wakabaki hapo kwa muda, injini ikiunguruma, wakijadili nguzo.